Waliochelewa Njiani

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimepewa ufunguo. Wangu mwenyewe! Wa chumba cha chini, Jengo la Kumbukumbu. Miezi saba nimekuwa nikigonga mlango kama mtu aliyekuja kuazima chumvi, nangoja mlinzi amalize chai yake. Amenikabidhi huku akicheka — eti sasa kukiibiwa kitu atajua aanzie nyumba ya nani.

Miaka sabini na minne, na sijawahi kushika ufunguo wa serikali. Nimeutia uzi, nikauvaa shingoni. Binti yangu kauliza kama nimeshinda mbio.

Daktari, mkuu wa mradi wetu, anataka kila mmoja aandike kwa ufupi kazi anayofanya, apeleke kwa Baraza la Utafiti. Ngoja nijaribu hapa kwanza.

Nchi hii imeandika kila mtoto aliyezaliwa ndani yake kwa miaka hamsini. Madaftari yamepigwa picha, na picha zimeingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta inatafuta mama mmoja, mahali pamoja, tarehe moja, watoto wawili. Hao ni mapacha. Tunawaandikia barua. Wakikubali, wanaingia kwenye Rejista ya Mapacha, na wenye elimu wataweza kuuliza maswali yao: kisukari kinatoka kwenye damu au kwenye chungu? Hasira ni ya kuzaliwa nayo au ya kufunzwa? Pacha wawili ni mizani. Ukijua walichoanza nacho, utaona dunia imeweka nini upande gani.

Mimi ni msomaji wa mwandiko. Ikiwa karani aliandika kama kuku aliyekanyaga wino, kompyuta inashindwa, ninaitwa.

Inatosha. La zaidi halijaulizwa.


Jumatano, 5 Februari

Jozi mia mbili na kumi na mbili! Kwa siku moja! — Hapana, kwa utaratibu.

Mtakwimu wetu ni mtu wa miaka arobaini, mwenye miwani juu ya kipaji cha uso na mikono inayoitafuta miwani hiyo mezani. Wiki nzima amekuwa akinung'unika. Kila uzazi elfu moja, kumi na tano hivi huwa wa mapacha; ndivyo ilivyo karibu wilaya zote. Lakini wilaya nyingine zinampa kumi na tatu, kumi na mbili. Wengine wamekwenda wapi?

Nikamuuliza safu ya saa ameipeleka wapi.

Ameitupa. Ilikuwa tupu, karibu yote.

Safu tupu si safu bubu, nikamwambia. Kanuni ya zamani ilitaka saa ya kuzaliwa iandikwe kwa mapacha tu, ili ijulikane nani alitangulia, watu wasije wakagombana kaburini kwa baba yao. Na makarani ni wavivu, Mungu awabariki. Mtoto aliyekuja peke yake hawakumpa hata dakika. Kwa hiyo ukiona saa, jua kuna mwingine. Mtafute! Huyu kazaliwa kabla ya usiku wa manane, mwenzake baada yake, tarehe zikatofautiana. Hapa mama kaandikwa kwa jina la mume, mstari wa pili kwa jina la baba yake.

Akairudisha safu. Akabonyeza. Halafu akapiga kelele hadi mlinzi akashuka na rungu.

Nani kakufundisha hayo, Mama? akauliza Daktari. Nikasema, uzee. Wakacheka wote.

Haukuwa uzee. Alikuwa afisa usajili aliyekuja siku moja tu kambini, tulipokuwa wakimbizi, na kijitabu cha kanuni cha kurasa kumi na nne. Nyumbani niliacha rafu mbili za vitabu. Nilitoka na kamusi kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani, nayo kurasa za mwisho zikang'oka safarini. Mpaka leo maneno ya Z nayajua kwa kubahatisha. Basi nilikisoma kile kijitabu mara tatu. Hapakuwa na kingine.

Sasa naitwa Mama Saa. Nimelipenda.


Ijumaa, 14 Februari

Makasha manne kutoka ghala la zamani. Juu yameandikwa: KAMBI YA MPITO, VIZAZI, MIAKA MINNE.

Sikujua kama yapo. Nilidhani yaliliwa na mchwa, na nilikuwa nimewashukuru mchwa.

Wino wa kijani. Lori la misaada lilituletea katoni nzima ya wino wa kijani, hakuna aliyejua kwa nini. Nilijua mkono ni wa nani kabla sijasoma hata neno. Mkono wa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Ulikuwa mkono mzuri. Daftari la tatu, ukurasa wa kumi na tisa, doa la dawa ya vidonda bado lipo, limekuwa kahawia.

Mtakwimu kafunua kurasa mbili tatu, akapiga mluzi. Huyu, kasema, aliandika kama mtu anayetuma barua ya mapenzi. Leo hatukuhitaji, Mama Saa, kapumzike.

Hapa hakuna anayejua kwamba nilikuwa mkunga. Kwenye fomu ya kazi niliandika: karani. Si uongo. Ukunga wa kambini ni nusu ukarani.

Nimekwenda nyumbani kwa miguu. Nimekosea njia mara mbili, na njia hii naijua miaka ishirini.


Jumanne, 18 Februari

Moja.

Kompyuta imesoma kambi yote: uzazi elfu tatu mia moja na nne. Mapacha: jozi moja. Walipaswa kuwa arobaini na sita au saba.

Mtakwimu alikuwa karibu kucheza. Eti huu ni ugunduzi! Njaa ya safari, hofu, miili iliyochoka — tumbo la mkimbizi linamwondoa pacha wa pili kabla hajaonekana. Hakuna aliyewahi kuionyesha kwa takwimu safi namna hii. Makala ameshaipa jina, ubaoni, kwa kalamu nyekundu: Njaa na Kutoweka kwa Mapacha.

Daktari akasema polepole, moja ni ndogo mno. Tuangalie tena.

Tumeangalia, kasema Mtakwimu. Kuna kasoro tu za kawaida. Mistari tisini na miwili ina saa, lakini kila mmoja uko peke yake, tarehe zimepishana kwa wiki. Mkunga wa kambi hakuijua kanuni, alijaza saa alipojisikia. Halafu kuna wanawake wamezaa mara mbili ndani ya wiki tano! Akacheka. Labda walitaga. Alikuwa mkunga wa porini tu, Daktari. Tuifute hiyo mistari, tusonge mbele.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nimekiweka chini polepole sana.

Sasa niandike. Daftari hili halina msomaji.

Ghala la kambi lilikuwa na sheria yake: uzazi mmoja, kadi moja, kopo moja la maziwa ya unga kwa wiki. Mama zetu walikuwa wamekauka kwa safari, maziwa hayatoki. Pacha hakuwemo kwenye sheria. Aliyeitunga hakuwa mkatili, hakuwaza tu.

Jozi ya kwanza walikuwa wavulana. Niliwaandika kama ilivyo, tarehe moja, saa mbili tofauti. Kopo moja. Mama akampa huyu asubuhi, yule jioni. Wiki ya sita tulimzika mdogo. Nilikunja kitambaa mwenyewe. Hakikuhitaji kuwa kikubwa.

Ndiyo ile jozi moja ya kompyuta. Pekee niliyoiandika kwa ukweli.

Jioni ile nilisoma kurasa kumi na nne mara ya nne. Kuanzia hapo, mama akijifungua wawili, niliandika kwanza aliye dhaifu, apate kopo mapema, hata kama ndiye aliyefuata nyuma. Mwenzake alikunywa humo humo wiki tano, nikajua ataweza. Kisha nikamwandika kana kwamba amezaliwa jana. Kadi ya pili. Kopo la pili.

Lakini saa niliandika ya kweli. Wote wawili, dakika kwa dakika. Sijui kwa nini. Kanuni ilisema pacha aandikwe saa, nami nilivunja safu moja nikaitii nyingine. Labda nilitaka siku moja mtu aje awapate. Sikudhani mtu huyo ataketi meza moja nami akiwafuta.

Mgawaji wa ghala hakuwa mjinga. Alikuwa na watoto sita. Analetewa mtoto wa jana anayemchekea na kumshika kidole. Anaangalia kadi, anaangalia mtoto. Huyu kachelewa njiani, anasema, na muhuri — pa! Kambi nzima ikashika msemo huo. Wale wa pili wote wakaitwa waliochelewa njiani.

Jozi arobaini na sita. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa kukosa maziwa. Hata mmoja!

Nimenakili mistari yote tisini na miwili nyuma ya daftari hili, isije ikafutwa kweli.


Alhamisi, 20 Februari

Nimemwambia binti yangu. Alikuwa anapanga nguo, akaendelea kupanga, ila alikunja shati moja mara tatu.

Kisha akaenda kabatini akatoa bahasha. Fomu yangu ya uraia, nakala, miaka kumi na minane sasa. Swali la tisa: je, umewahi kughushi hati yoyote ya serikali? Hapana, nimejibu. Kwa mwandiko ule ule mzuri.

— Mama, hiki kitu wanaweza kukurudia nacho. Wakakunyang'anya uraia.
— Wanaweza.
— Siri ya mtungi aijuaye kata. Basi kata inyamaze!
— Kata imezeeka, mwanangu. Inavuja.

Akasema hakuna anayeumia. Wale watu wamekua, wana watoto wao, tarehe zao zimewafikisha walikofika. Makala ya mtu mmoja mwenye miwani kipajini inamuumiza nani?

Nikamwambia: ikichapishwa, miaka hamsini ijayo mwanafunzi atasoma kwamba sisi hatukuzaa mapacha. Kwamba matumbo yetu yaliwala watoto wetu. Na walikuwepo! Wawili wawili! Niliwapokea kwa mikono hii, wengine wakinitia teke.

Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu akiwa darasa la pili:

— Na mimi? Tarehe yangu ni ya kweli?

Yeye naye alizaliwa kambini. Cheti chake kina wino wa kijani.

— Yako ni ya kweli tupu. Ulikuja peke yako, kwa wakati, na kelele za watu watatu.

Akacheka akilia. Bahasha hakuirudisha kabatini. Ameiacha mezani.


Jumapili, 23 Februari

Sikutoka. Nimenoa penseli. Nimesoma orodha ya saa kwa sauti, kama mtu anayesoma ratiba ya treni za nchi ambayo haipo tena.


Jumatatu, 24 Februari

Niandike yote kabla furaha haijanilevya.

Nilifika wa kwanza, kwa ufunguo wangu. Nikafuta ubao — Njaa, na Kutoweka, na vyote. Mtakwimu alipoingia akadhani ni mlinzi, akaanza kufoka.

Nikamwambia, kaa baba, nifanyie kitu kidogo kabla ya chai. Chukua ile mistari tisini na miwili. Usiipange kwa tarehe. Sahau kwamba dunia ina tarehe. Ipange kwa jina la mama, kisha soma saa tu.

Kwa nini?

Kwa heshima ya mvi.

Akapanga. Daktari kaingia katikati, na mkoba begani, akasimama nyuma yetu bila kuvua koti.

Mama wa kwanza: saa tatu na dakika tano, saa tatu na dakika ishirini. Wa pili: saa nane na nusu, saa tisa kasoro dakika kumi. Wa tatu: saa kumi na moja kamili, saa kumi na moja na dakika nane. Akawa anasoma kwa sauti, na sauti ikawa inapungua. Kufika wa kumi alikuwa ananong'ona. Kufika wa ishirini kidole tu ndicho kilichokuwa kinashuka kwenye kioo cha kompyuta.

Arobaini na sita, akasema. Jumlisha ile moja. Arobaini na saba.

Miwani ikamwanguka kutoka kipajini. Kwa mara ya kwanza alijua ilipo.

— Ni kiwango kile kile! Cha nchi nzima! Hawakupungua hata jozi moja!
— Hawakupungua, nikasema.

Kisha nikawaeleza ghala, na kopo, na wiki tano, na yule mdogo tuliyemzika. Sikulia. Nilijizoeza jana na penseli.

Mtakwimu akageukia ubao mtupu. Makala yangu imekufa, akasema. Halafu akainua kichwa: hapana, imezaliwa nyingine. Huyu mkunga… huyu mwanamke alikuwa na akili kiasi gani! Aliwaficha na akatuachia ramani! Alikuwa nani? Yupo hai?

Nikachukua kalamu, nikaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake. Mtoto wa kike, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mkono unatetemeka siku hizi, lakini herufi hazizeeki kama vidole.

Akaangalia karatasi. Akaangalia kioo. Akaangalia karatasi.

Mkunga wa porini, nikasema.

Akasimama. Mtu mzima yule, shahada tatu, akainama mpaka miwani ikamwanguka tena. Akasema shikamoo upya, kana kwamba tumekutana leo. Nami nikaitikia marahaba, kana kwamba tumekutana leo.

Daktari hakucheka. Alivua koti, akalikunja, akakaa mbele yangu. Kasema lazima amjulishe Msajili Mkuu. Tarehe za watu hazibadilishwi kwa mdomo. Na akasema, kwa upole sana, kwamba daftari halina jina langu, kuna herufi tatu tu pale chini. Hakuna anayeweza kuthibitisha ni mimi. Naweza kusema nilisikia tu kwa watu.

Naweza, nikasema. Nimeshaweza miaka arobaini na mmoja.

Nikaweka jina kamili chini ya maelezo. Kwa wino. Sikulala mchana kama kawaida yangu — nilitembea mjini, nikanunua viatu!


Alhamisi, 6 Machi

Baraza la Utafiti limekuja. Watu saba na kikohozi kimoja.

Mtakwimu aliwaonyesha ramani ya nchi, kila wilaya na kiwango chake. Akaacha Kambi ya Mpito iwe ya mwisho. Akawaonyesha ile moja, wakatikisa vichwa, maskini. Mzee mmoja mwenye kikohozi akaanza kueleza mambo ya njaa na tumbo la uzazi. Mtakwimu akamwacha aeleze hadi mwisho! Kisha akarudisha safu ya saa, na jozi zikajipanga moja moja kwenye ukuta, arobaini na sita. Mzee akasahau kukohoa.

Wamekubali. Miaka kumi mingine! Rejista ya Mapacha itakuwa ya nchi nzima, na hakuna mtoto atakayeachwa nje kwa sababu mama yake alikuwa safarini. Daktari amenikumbatia mbele ya watu. Mlinzi kapiga makofi kutoka ngazini ingawa hakujua kilichotokea; kasema aliona watu wana nyuso za harusi.

Mezani kwangu kulikuwa na barua. Ofisi ya Msajili Mkuu. Nifike Jumatano, tarehe 19, saa tatu asubuhi, kutoa maelezo kuhusu "kasoro za makusudi katika madaftari ya vizazi". Nije na kitambulisho na cheti cha uraia. Cha asili, si nakala.

Mapacha wenyewe nao wameandikiwa, wale waliopatikana, waje wathibitishe kwa mdomo wao.

Cheti cha asili. Wanakitaka mkononi.


Jumanne, 11 Machi

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka arobaini na mmoja, na sasa naona kona. Binti yangu anasema nile. Nimekula.


Jumatano, 19 Machi

Korido ya Msajili Mkuu. Ghorofa ya pili. Saa tatu na robo.

Naandika kwenye benchi. Binti yangu alitaka kuja, nimemkataza. Ana kazi, na sura yake ya leo ingemtia hakimu huzuni. Nimevaa viatu vipya. Bahasha iko mapajani, cheti ndani. Karani wa mlangoni amekiangalia mara mbili kama mtu anayepima nyama kwa macho. Amesema Msajili ana mgeni, ningoje.

Nimejiuliza asubuhi nzima kama ninajuta. Nimetafuta kwa uaminifu, kila chumba. Hakuna.

Saa tatu na nusu. Wamekuja wanawake wawili. Miaka arobaini hivi, mmoja mnene mmoja mwembamba, wamegombana tangu ngazini kuhusu nani kasahau mwavuli kwenye basi. Benchi ni fupi. Wameketi mmoja kulia kwangu mmoja kushoto, na ugomvi unapita juu ya kichwa changu.

— Samahani Mama, huyu hana adabu.
— Mimi? Mimi ndiye mkubwa, nikisema shika mwavuli, unashika!
— Mkubwa wa karatasi!
— Karatasi ndiyo serikali, mdogo wangu. Mimi Machi, wewe Aprili. Miaka yote hii nakutuma dukani, leo ndiyo umechoka?

Nikageuka kuwatazama, huyu kisha huyu.

Yule mwembamba kanigeukia, kaniomba niwe shahidi. Hebu fikiria, Mama. Tumbo moja, siku moja, tena nyumbani tunaitwa waliochelewa njiani — mimi hasa! Marehemu mama yetu alikuwa akisema mkunga alijua mambo yake, tusimlaumu, lakini hakutaka kamwe kusema nani alitoka kwanza. Aliogopa tutavuruga nyumba. Basi maisha yangu yote mimi ndiye nakwenda kisimani, mimi ndiye nasubiri huyu aolewe, mimi ndiye napewa shingo ya kuku.

Mnene kasema, na utaendelea kupewa.

Nikauliza jina la mama yao. Wakanitajia kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Nimemkumbuka. Hema la tatu kutoka bomba la maji. Asubuhi ya jua kali. Wa kwanza alikuja mkubwa, mwenye sauti. Wa pili alikuwa kama kifaranga, rangi ya majivu, nikampulizia hadi akakasirika. Kopo la kwanza lilikuwa la kifaranga. Machi ilikuwa ya kifaranga. Na kifaranga ndiye huyu mnene anayenibana bega la kulia!

— Mama, mbona unacheka?
— Mimi ndiye mkunga.

Hata mashine ya karani ilisimama. Mwembamba kanishika mkono akaubusu, kisha akaufinya, kisha akaubusu tena, hakujua aanze na lipi. Mnene machozi yanamtoka na hapohapo ananipigia kelele: wewe! Ni wewe! Mama alikuombea kila Ijumaa mpaka amekufa! Basi sema, maana leo hatutoki hapa — nani mkubwa?

Mlango umefunguliwa. Karani kasoma kwenye karatasi kwa sauti ya korido nzima: Mkunga wa Kambi ya Mpito! Miaka yote hii hakuna aliyeniita hivyo. Jina limenikaa vizuri, kama viatu. Nyuma yake namwona Msajili amesimama kabisa, mkono mezani, anatazama bahasha yangu.

Mapacha wamesimama pia. Wanasema hawaniachii niingie peke yangu, na kama kuna wa kunyang'anywa cheti waanze na vyao, viwili, vyote vya uongo.

Nimewaambia wakae kwanza. Orodha ya saa iko nyuma ya daftari hili, lazima niligeuze. Mwembamba amefumba macho.

Karani ameita mara ya pili. Nimemwambia asubiri kidogo, hapa kuna mtu anazaliwa.